Manowari Iliyo Chini ya Ngome: Iacheni Huko, Lakini Tufundisheni Kuishukia

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka jana niliwaletea vitendawili. Mwaka huu nimekuja kulipa deni.

Katika muhula wa pili, Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo. Hoja ilikuwa hii: "Manowari ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus itolewe majini, iletwe nchi kavu." Mimi nilikuwa msemaji wa pili upande wa kupinga, na naomba nikiri mapema kwamba tulishindwa vibaya sana. Kura zetu mtu angeweza kuzihesabu kwa vidole na bado akabakiwa na vidole. Waliotumaliza si wasemaji wa upande wa pili, ambao hoja zao zilikuwa za kawaida tu. Alisimama msichana mmoja wa Kidato cha Pili huko nyuma ya ukumbi akauliza: "Nyinyi mnasema meli iachwe chini kwa sababu ni urithi wetu. Nani humu ndani amewahi kuiona? Kitu usichoweza kukiona chaweza kuwaje chako?"

Makofi yakavuma. Mwalimu akaniangalia, nami nikaangalia viatu vyangu. Jawabu lilinijia jioni nikiwa ndani ya matatu, na kondakta si mtu wa kufanya naye mdahalo. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza tuelewane ni meli gani, maana siku ile wengi walikuwa wakiisema kama hekaya. Jina lake ni Santo António de Tanná. Ilikuwa frigeti ya kivita ya Wareno, iliyoundwa Bassein huko India, kaskazini mwa mji wa Mumbai wa leo, ikakamilika mwaka 1681. Hilo la India msilipuuze. Tukisema "meli ya Wareno" hudhani kwamba ilitoka Lisbon na kila msumari wake, kumbe mbao zake ni za msaji wa Bara Hindi, na mafundi wengi walioshika shoka na tezo walikuwa watu wa huko huko.

Mwezi Machi 1696 majeshi ya Waarabu wa Omani yaliizingira Fort Jesus, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miaka mia moja, kwani ilijengwa kati ya 1593 na 1596. Mzingo huo ulidumu takriban miezi 33. Hebu fikirini: tangu uingie Kidato cha Kwanza mpaka ukaribie mwisho wa Kidato cha Tatu, umefungiwa ndani ya kuta zile zile! Na waliokuwa ndani hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo Waswahili waliowaunga mkono, na maradhi yalipowafyeka Wareno katikati ya 1697, aliyeishikilia ngome pamoja na watu wake mpaka msaada ulipofika alikuwa Bwana Daud wa Faza, mtu wa kisiwa cha Pate. Kwa hivyo nje ya kuta walikuwako watu wa Pwani, na ndani ya kuta watu wa Pwani. Atakayeniambia kwamba hiyo ni historia ya wageni, namwomba akasome tena.

Manowari yetu ilifika Septemba 1697 kuleta msaada. Mwezi uliofuata, ikiwa imetia nanga chini ya kuta, mizinga ya Waomani ilikata kamba zake za nanga. Mkondo ukaichukua, ikapanda mwamba, ikaharibika, na mwishowe ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Fort Jesus yenyewe ilitekwa Desemba 1698.

Meli ikalala hapo zaidi ya miaka 260. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi wawili wakaigundua. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakishirikiana na taasisi ya elimukale ya majini kutoka Marekani, chini ya uongozi wa Robin Piercy, yakaichimba. Kuchimba huko hakukuwa kwa jembe. Watu walishuka na mitungi ya hewa mgongoni, wakaondoa mchanga na matope kidogo kidogo, wakapima na kuchora kila ubao huko huko chini, kwenye maji ambayo mara nyingine mtu haoni mbali. Walipomaliza, waliifukia tena kwa mchanga. Vyombo vya kauri vya Uchina, mitungi mikubwa mikubwa na vitu vingine vingi vilipandishwa juu, na vingine mmeviona wenyewe ndani ya makumbusho ya Fort Jesus tulipokwenda ziara. Au mlivipita tu mbio kwenda kupigwa picha kwenye mizinga? Msinune, nami nilipita mbio.

Sasa, kwa nini isitolewe? Upande wa pili ulisema kwamba Waingereza waliitoa ya kwao. Kweli. Manowari Mary Rose ilizama mwaka 1545 ikapandishwa 1982. Lakini wasemaji wetu wapendwa hawakuwaambia yaliyofuata. Mbao zilizolowa karne nyingi, zikikauka zenyewe hujikunja na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Meli hiyo ilibidi inyunyiziwe maji, kisha dawa ya kushika nafasi ya maji ndani ya mbao, mfululizo bila kupumzika, mpaka 2013. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 ya kunyunyiza! Wasweden na Vasa yao, iliyozama 1628 na kutolewa 1961, walinyunyiza miaka 17. Sisi mfereji wa shuleni maji hukatika Jumanne yakarudi Alhamisi. Nani atakayeinyunyizia manowari?

Tena ikiwa imefunikwa na mchanga, meli inahifadhika. Kule hewa haifiki, na yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao hawezi kuishi. Wenye mashua wanamjua vizuri, ndiyo maana huwasha moto wa makuti chini ya chombo kikiwa kimepwelewa. Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi ulio chini ya maji pia unasema kwamba jambo la kwanza la kufikiriwa ni kuviacha vitu hivyo mahali vilipo. Mengi kati ya haya niliyasema siku ile, nikashindwa nayo. Na sasa naona kwamba nilistahili kushindwa, kwa sababu nilisimama nusu ya njia.

Maana mkataba huo huo unasema jambo la pili, kwamba watu wahimizwe kwenda kuvitazama bila kuviharibu. Kuacha si kutupa. Katika Bahari ya Java zilizama manowari za Uholanzi mwaka 1942, na zilikuwa makaburi ya mabaharia wengi. Mwaka 2016 wapiga mbizi walipozirudia hawakuziona! Mbili zilikuwa zimetoweka kabisa, na sehemu kubwa ya ya tatu pia. Wezi wa vyuma vikuukuu walikuwa wamezikata vipande, bahari ikanyamaza. Kitu kilicho chini ya maji kisichotembelewa na mtu hakina shahidi.

Basi jawabu langu kwa dada yule wa Kidato cha Pili ni hili. Umesema kweli. Meli nisiyoweza kuiona si yangu bado. Lakini dawa yake si kuileta meli kwangu. Dawa ni mimi kuifuata iliko. Iko kiasi cha mita 16 tu chini ya maji, mbele ya ngome, katika mji wetu wenyewe. Umbali huo nchi kavu ni mfupi kuliko kutoka mlango wa darasa letu hadi jikoni. Kinachotuzuia ni kwamba hatujafundishwa kushuka.

Na hapa nitasema jambo la nyumbani kwetu, ambalo sikulisema ukumbini kwa sababu ya haya.

Mjomba wangu, ndugu wa mamangu, alikuwa mpiga mbizi upande wa kusini. Hakuwa akitafuta manowari. Alikuwa akiokota majongoo ya bahari, yale yanayonunuliwa kwenda Uchina. Kwanza alizamia kwa pumzi zake mwenyewe. Majongoo ya karibu yalipokwisha, tajiri mmoja akaja na mitungi ya hewa, akawapa vijana, akawaonyesha namna ya kutia mpira mdomoni, basi. Masomo yote yalikuwa hayo. Wakawa wanashuka mbali sana, mara nyingi kwa siku, na wakipanda wanapanda mbio kwa sababu mtungi umekwisha na mashua inangoja.

Siku moja alipanda, akala, akalala ndani ya mashua. Alipoamka miguu haikuwa yake. Watu walisema ni jini wa bahari amempiga kwa kuchukua kisicho chake. Alipelekwa kwa mganga, kukafukizwa ubani, na siku zile ambazo angeweza kupata dawa ya kweli zikapita hivyo. Leo anatembea kwa mkongojo. Nimekua nikiambiwa habari ya jini huyo, nami nikiamini.

Mwaka huu, wallahi, nilikutana na jini mwenyewe katika somo la Fizikia. Mwalimu alikuwa akitufundisha kanuni za gesi. Kila unaposhuka mita 10 majini, mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 16, mwili unabanwa mara 2.6 kuliko ukiwa ufukweni, na mita 30 mara 4. Ile hewa unayovuta kutoka mtungini nayo imebanwa kiasi hicho hicho, na sehemu yake kubwa ni naitrojeni. (Hapa niseme kwamba mtungi huo kwa kawaida hautiwi oksijeni tupu kama watu wanavyodhani. Ni hewa hii hii tunayovuta darasani, isipokuwa imesafishwa na kubanwa.) Naitrojeni hiyo huyeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda polepole, hutoka kwa adabu kupitia mapafuni. Ukipanda mbio, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa baada ya kutikiswa. Mapovu yakiingia kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa.

Nilinyosha mkono nikauliza: "Mwalimu, na mtu akishapatwa?" Akasema kwamba huvutishwa oksijeni haraka na kupelekwa kwenye chumba maalumu cha chuma ambamo hubanwa tena, kisha hulegezwa taratibu kwa saa nyingi. Nikakaa chini. Sikuandika chochote kipindi kile kilichobaki.

Ndugu wasomaji, mtalii anayekuja kwetu kuzamia MV Dania, ile meli ya mizigo iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 karibu na Mombasa ili samaki wapate makao, hapewi mtungi mpaka afundishwe. Hufundishwa kwamba asizuie pumzi hata mara moja, kwa kuwa hewa iliyojaa mapafuni kwenye mita 10 itakuwa maradufu akifika juu. Hufundishwa kupanda polepole na kusimama dakika chache kwenye mita 5 ili damu isafike. Hufundishwa kushuka na mwenzake, kutazama saa ya hewa, na kutoingia ndani ya meli iliyozama bila kamba ya kumrudisha, kwa sababu tope likitibuka mlango huuoni tena. Yote haya anafundishwa mtu anayekwenda kustarehe. Mjomba wangu, aliyekuwa akienda kutafuta unga, hakufundishwa hata moja. "Maji usiyoyafika hujui wingi wake," wahenga walisema, lakini mjomba aliyafika mno.

Na msidhani ni shida ya wavuvi peke yao. Mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni, ndani mlikuwa mama na bintiye. Nilikuwa shule ya msingi bado. Nchi nzima ilikaa ikitazama maji yale kwa siku 13. Gari lilikuwa mita 58 chini, mkondo mkali, chini giza. Wanamaji wetu walijitahidi, na wapiga mbizi kutoka nje wakaitwa kusaidia. Mita 58 si mchezo, ni kazi ya wataalamu wa hali ya juu. Lakini wataalamu hawaoti kama uyoga. Nchi yenye vijana elfu moja wanaoweza kushuka mita 16 ndiyo itakayopata kumi wa kushuka mita 58.

Ninayoomba si makubwa. Kwanza tujifunze kuogelea. Naam, kuogelea! Tunaishi kisiwani, tumezungukwa na maji kama chai iliyozunguka andazi, na nikisema darasani kwetu wasiojua kuogelea wasimame, zaidi ya nusu watasimama, na wasichana karibu wote. Wasichana wenyewe wameniambia sababu. Wengine wazazi hawataki waonekane ufukweni na wavulana. Basi watengewe siku yao na mwalimu wao wa kike, na mavazi ya heshima yapo. Hilo halishindikani.

Pili, Makumbusho yana watu. Caesar Bita ni Mkenya, mwanaelimukale wa majini, na amefanya kazi kwenye mabaki ya meli ya zamani huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mlimopatikana pembe za ndovu na vipande vya shaba. Kwa nini tumsome gazetini tu? Chama chetu kimwandikie barua, aje yeye au mwenzake, atuambie kwa Kiswahili mtu hufanyaje kupima ubao chini ya maji na penseli huandika vipi huko. Nimekwisha andika rasimu ya barua hiyo, katibu anayo mezani kwake tangu Julai. (Katibu, ukisoma haya, nisamehe, lakini ni kweli.)

La tatu ndilo gumu. Siku moja, wanafunzi wawili au watatu wa Pwani kila mwaka wafundishwe kuzamia kwa mtungi, wapewe cheti, na wakishafuzu, wale wa Makumbusho wanapokwenda kukagua kama mchanga ungali umeifunika manowari, wawachukue. Si kuchimba wala kugusa. Kutazama, kupima, na kurudi kutuambia. Meli ikiwa na watoto wa mji wanaoijua kwa macho, mwizi wa kwanza atakayekwenda pale usiku atasikika mpaka Kongowea.

Najua nitakayoambiwa. Ada yenyewe haijalipwa, huyu anataka mitungi. Ni kweli, mitungi ni ghali, na mafunzo ni ghali, na baba yangu akisoma ukurasa huu ataniuliza kama nimerogwa. Sina pesa za kuonyesha. Ninachojua ni kwamba mitungi ilipatikana kwa ajili ya majongoo. Tajiri aliileta ufukweni akaigawa bila kuulizwa na mtu. Kilichokosekana siku ile ni mtu wa kusema neno moja, "polepole".

Wengine husema bahari pale mbele ya ngome ni chafu na mkondo wake una nguvu. Kweli pia. Wakati wa bamvua hata samaki hushika mwamba. Lakini maji mafu yapo kila mwezi, na msimu wa kaskazi bahari hutulia. Wale wa 1977 waliwezaje? Walisoma majira ya maji kama babu zetu walivyosoma, wakangoja, wakashuka.

Likizo ya Agosti nilikwenda kumtazama mjomba. Nikamweleza habari ya soda na mapovu. Alinyamaza kitambo, akageuza mkongojo wake mkononi, kisha akauliza kama mwalimu huyo anaweza kuja kijijini, kwa kuwa wako vijana wawili wa jirani ambao wameanza kwenda na mitungi. Nikamwahidi nitamwambia. Nimemwambia, na mwalimu amekubali, tunangoja Desemba shule zikifungwa.

Halafu nikamweleza habari ya manowari. Akataka kujua ni mita ngapi.

"Kumi na sita, mjomba."

"Kumi na sita!" Akacheka mpaka mkongojo ukaanguka. "Hapo mbona mimi nilikuwa nafika kwa pumzi moja nikarudi na kamba mkononi. Na hamjaiona bado?"